Uyoga wa Bi Mwantumu na Ndege Mwenye Soksi

Nachingwea
14 Januari 1950

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na nategemea nanyi wote huko Nkowe hamjambo.

Kwanza, nashukuru kwa kuwa posa yangu kwa Sabaha imepokelewa. Najua kwamba kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno, na tangu siku ile mimi na Mama yake Sabaha hatuwezi kuonana wala kusemezana. Kwa hiyo barua hizi nakuandikia wewe, nawe utamfikishia yeye.

Pili, kikapu cha uyoga alichonitumia Mama nimekipata kwa mkono wa Awadhi, dereva wa lori. Awadhi alinieleza kuwa ndio mtihani wa kila anayeoa nyumbani kwenu: ale uyoga wa ukoo, kisha aseme ameuonaje. Mwambie Mama nimeula wote. Ulikuwa mtamu sana. Nilipenda hasa zile pindo za chini ya kofia, zilizopangana kama kurasa za kitabu. Zililainika vizuri ndani ya mchuzi.

Tatu, habari ya makazi. Hapa kwenye Mradi wa karanga mimi ni karani wa Bwana Penrozi, mtaalamu wa mimea. Kazi yetu ni kutangulia mbele ya matingatinga na kuandika majina ya miti kabla haijaangushwa. Nimepewa chumba cha bati chenye sakafu ya sementi. Ningependa tufunge ndoa kabla ya Ramadhani, kisha Sabaha ahamie huku. Najua desturi ni mume kuhamia kwa mkewe, lakini nyakati zimebadilika na sementi haina mchwa.

Wako mtiifu,
Bashiri Amri


Nkowe
22 Januari 1950

Kijana Bashiri,

Marahaba. Dada yangu Mwantumu amekaa hapa kwenye kigoda, anasema, mimi naandika. Jeshini nilikuwa naandika ripoti za afisa wangu huko Burma, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, neno halipotei. Anasema hivi:

“Mwambie huyo kijana barua yake nimesomewa mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani kaka yangu amekosea. Muulize hizo kurasa za kitabu amezikuta kwenye uyoga wa nani. Uyoga wetu hauna kurasa. Ugeuze, chini una vitundu vidogo vidogo kama mkate wa kumimina, ndiyo maana tunauita uyoga-mkate. Halafu huo mkate wenyewe hauliwi. Unabanduliwa kwa kidole gumba na kutupwa, maana mvua ikizidi unateleza kama kamasi. Hata mtoto wa kunyonya wa nyumba hii anajua. Sasa yeye amekula nini? Amekula daftari?

“Muulize tena: alipoukata, ulifanya nini?

“Na hiyo sementi mwambie nimeisikia. Sabaha atapanda ufuta juu ya sementi? Kijana mwingine, Amri wa Mbekenyera, naye ameleta posa yake hapa. Hana shule, lakini mikono anayo miwili na anakula anachopewa.”

Mwisho wa maneno yake. Sasa ni mimi. Kijana, umekamatwa. Mimi nilikamatwa hivyo hivyo na mama wa mke wangu, lakini mimi nilisingizia jino. Kurasa za kitabu! (Dada anauliza mbona naandika wakati yeye ameshanyamaza. Nimemwambia naweka tarehe.)

Mikidadi Selemani, Koplo mstaafu


Nachingwea
30 Januari 1950

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo.

Naomba umweleze Mama kwamba sikusema uongo. Niliandika shukrani kabla ya kula, na kule kula kukachelewa. Ilivyokuwa ni hivi.

Niliweka uyoga mmoja juu ya meza nikaukata katikati. Ndani ulikuwa wa njano, njano nzuri kama ya yai. Kabla sijaweka kisu chini ukaanza kugeuka buluu. Ukageuka wote, buluu kama wino wa shule, na mahali nilipougusa pakabaki alama za vidole vyangu vitano. Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kwamba chakula kinachobadilika rangi mbele ya macho yako kinakuonya. Katika shajara yangu siku ile nimeandika maneno matatu tu: Uyoga. Buluu. Hofu.

Tomasi, mpishi wa kambi, alichungulia akasema, “Karani, huyo mama mkwe hakutaki. Mwenzio hupewa kuku.” Ndipo nikapeleka kikapu chote kwa Bwana Penrozi.

Mjomba, yule bwana alipiga kelele kama aliyefungua kapu akakuta dhahabu. Aliukata wa pili ili auone tu ukigeuka buluu, akacheka. Akakata wa tatu. Alisema rangi ile peke yake si dalili ya sumu wala ya usalama; ni maji ya uyoga yanapokutana na hewa, na iko jamii nzima ya uyoga wa namna hiyo duniani, wenye vitundu badala ya kurasa, mwingine chakula na mwingine hatari, na anayejua ni yule tu aliyefundishwa na wa kwao. Aliuchora kwa rangi. Uliobaki akaupanda kwenye tuta nyuma ya ofisi, kwa mbolea ya ng'ombe, naye huumwagilia mwenyewe kwa kopo asubuhi na jioni.

Sasa anataka kujua ulikotoka. Amesema nikimwonyesha mahali penyewe atanipandisha niwe karani mkuu, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Kwa hiyo namwuliza Mama kwa heshima: je, ni pande zipi za Nkowe? Akitaja tu mto au kilima itatosha. Hii ni kwa faida ya Sabaha.

Wako mtiifu,
Bashiri Amri


Nkowe
7 Februari 1950

Kijana Bashiri,

Kuna mambo hayaulizwi. Barua yako nilipofika kwenye “pande zipi za Nkowe”, Dada alisimama, akaenda nje, akarudi, akakaa, akasimama tena. Sabaha alikuwa anatwanga, akaacha. Hivi ndivyo Dada anavyosema, na ameniambia niandike kwa herufi kubwa lakini karatasi haitoshi:

“Mwambie huyo kijana mahali pa uyoga hapatajwi. Mama yangu alinipeleka mimi, mimi nilimpeleka Sabaha, basi. Hata huyu kaka yangu anayeandika hajui.”

Ni kweli. Sijui. Nimepigana vita, nimevuka mito ya Burma yenye mamba, na dada yangu hajaniambia uyoga unaota wapi. Endelea kusoma.

“Hajui kwa sababu mwanamume wa nyumba hii huondoka. Anaoa huko Chiola, anaoa huko Mnero, anakwenda kukaa kwa mkewe, na kila anachokijua kinaingia katika chungu cha mama mwingine. Mtoto wa kiume ukimwonyesha mahali pa uyoga umempa jirani. Anayeweza kubeba kikapu nyuma yetu ni mkwe aliyekuja kukaa hapa, kwa sababu huyo hana tena pa kwenda. Sasa yeye hataki kuja kukaa, anataka kumchukua binti yangu akamweke juu ya sementi, na mahali pa uyoga nimpe ampelekee Mzungu. Leo Mzungu atakuja na kalamu. Kesho litakuja tingatinga.

“Uyoga mwingine sipeleki. Akitaka kuoa, atakuja kula mbele ya kaka yangu, na atakula uyoga aliouchuma kwa mkono wake. Msimu ukiisha bila yeye kula, Amri wa Mbekenyera atajibiwa.”

Mwisho wake. Mimi naongeza kwamba Amri wa Mbekenyera anacheka peke yake njiani bila sababu, na sipendi kuwa mjomba wa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo fanya juhudi. Na ukipata kujua mahali, si vibaya mwanamume kumnong'oneza mwanamume mwenzake.

Mikidadi Selemani, Koplo mstaafu


Nachingwea
16 Februari 1950

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo.

Maneno ya Mama nimeyapokea nikiwa nimesimama. Naomba radhi kwa swali langu.

Tuta la Bwana Penrozi halikutoa kitu. Asubuhi ya kwanza aliona kofia ya rangi ya udongo imechomoza, akaniita kwa kelele, tukapiga magoti wote wawili. Alikuwa chura. Baada ya hapo alibadilisha mbolea, akajenga kivuli cha nyasi, akahamisha tuta mara mbili. Uyoga uliooza pale ulitoa funza, na funza wakatoa nzi, na Tomasi akasema hayo ndiyo mavuno.

Jana aliniita tukafukua mizizi ya mti wa mtondoro uliobaki pembeni mwa shamba. Akanionyesha ncha za mizizi zimevikwa kitu cheupe kama uzi wa buibui. Alisema ule ndio uyoga wenyewe. Tunachochuma ni tunda lake tu. Unaishi umeushika mzizi wa mtondoro au wa myombo, unaupa mti maji na chumvi za ardhini, nao mti unaulisha. Mti ukiangushwa, uyoga hufa pale pale. Hauwezi kuhamia pasipo mti. Kisha akanyoosha mkono kwenye lile shamba letu la karanga, wekundu mtupu mpaka mwisho wa macho, akasema, “Bashiri, hapa hautaota tena maisha yangu yote.” Alivaa kofia yake akaenda zake, na mchana huo hakuandika kitu.

Mimi nilirudi chumbani nikafikiri sana juu ya uyoga huo. Sitasema nilichofikiri.

Kuhusu kuja Nkowe, mwambie Mama kazi ni nyingi na sina nafasi mwezi huu. Ijumaa ijayo hasa sitoki Nachingwea kabisa.

Wako mtiifu,
Bashiri Amri


Nkowe
27 Februari 1950

Kijana Bashiri,

Naandika haraka kabla Dada hajabadili mawazo. Ijumaa alirudi amelowa mpaka mifupa, kikapu kimepinda, amekasirika na wakati huo huo anajizuia kucheka, na hilo la pili linamkasirisha zaidi. Alitaka wewe uandikiwe habari za ndege. Mimi sikuelewa kwa nini karani aandikiwe habari za ndege, lakini amri ni amri.

“Mwambie huyo kijana, ambaye Ijumaa hakutoka Nachingwea kabisa, kwamba nilikwenda mahali pangu. Nimeinama nachuma, nikasikia majani yanakanyagwa. Nikageuka. Sikuona mtu. Niliona kitu ambacho, kama kingekuwa mtu, kingekuwa mtu ambaye mimi si halali kuonana naye. Basi nikajifunika kikapu kichwani nikaketi chini palepale, kama inavyotakiwa. Nacho, badala ya kuondoka kama inavyotakiwa, kikapanda mtondoro.

“Ndege mkubwa. Miguuni amevaa soksi.

“Nikangoja ndege aruke. Hakuruka. Naye nadhani alikuwa anangoja mimi niende, lakini mimi nitaendaje na kikapu usoni, katika mizizi? Mvua ikaanza. Nikaona hapa tutazeeka. Nikasema, ‘Wewe mtondoro, mwambie ndege wako ashuke aende, mimi nimefumba macho.’

“Ndege akaliambia tawi: ‘Wewe tawi, mwambie kikapu kwamba ndege alipanda kwa hofu na sasa hajui kushuka.’

“Kaka, andika vizuri hapo. Hajui kushuka! Ana sekondari!

“Nikasema, ‘Mtondoro, mwambie ndege mguu wa kushoto autafute chini, kuna kifundo.’ Mtondoro akamwambia. Ndege akatafuta kwa mguu wa kulia. Nikasema, ‘Mtondoro, ndege wako hajui mkono anaokula nao chakula?’ Kiatu kikaanguka juu ya kikapu changu, pu! Ndege akaliambia tawi, ‘Mwombee radhi kikapu.’ Nikasema, ‘Kikapu hakijaumia, huo mguu mwingine je?’ Hivyo hivyo, tawi kwa tawi, namwelekeza kwa kumbukumbu, maana mti ule nilikuwa nikiukwea mimi kabla sijavunja ungo. Alipofika chini alikimbia. Nilimsikia anakimbia, mguu mmoja unalia tap, mwingine haulii.

“Ameacha mkoba wa turubai. Ndani mna uyoga. Nimeukagua. Alichuma uliokomaa nusu, kama inavyofaa, hakung'oa na kitako, na mkate wote ameubandua kwa kidole gumba. Mmoja tu haukuwa wetu, wenye vitundu vyekundu. Huo nimeutupa. Ungemfanya atapike mpaka jina lake. Mwambie huyo ndege, akimwona, kwamba wenye vitundu vyekundu haushikwi.

“Kiatu ninacho.”

Mwisho wake. Kijana, nakuuliza mwanamume kwa mwanamume: ilikuwa pande zipi? Niambie mto tu. Au kilima.

Mikidadi Selemani, Koplo mstaafu


Nachingwea
6 Machi 1950

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo.

Habari za ndege nimezisoma kwa mshangao. Yuko rafiki yangu mmoja anayemfahamu. Anasema ndege yule alizunguka misitu ya Nkowe kwa baiskeli tangu alfajiri, akikagua mitondoro mmoja mmoja, kwa kuwa alishajifunza kwamba asiutafute uyoga bali mti wake. Anasema hakukusudia kumkuta mtu. Alikusudia kuchuma, kuja kwako kwa adabu, kula mbele yako na kuoa. Pia anasema kile kifundo cha kushoto kweli kilikuwepo.

Niliporudi kazini, nimevaa kandambili za Tomasi, Bwana Penrozi alitazama mikwaruzo ya mikono yangu, akatazama madoa ya buluu na njano kwenye shati. Akauliza taratibu, “Umepaona?” Ramani yake ilikuwa wazi mezani. Nyumba ya vyumba viwili naijua, ina hata dirisha la wavu.

Nilimjibu, “Mahali pale pana wenyewe, Bwana.”

Aliitazama ramani tena. Nikadhani kazi imekwisha. Kisha akasema nyanya yake huko kwao alikuwa na mahali pake chini ya miti fulani, akafa bila kumwambia mtu, na ukoo mzima mpaka leo kila vuli unazunguka msitu huo na kugombana. Akaikunja ramani. Ukarani mkuu amepewa Stefano, ambaye hajui mtondoro wala mwembe lakini ana mwandiko mzuri.

Kwa hiyo, Mjomba, swali lako la mto na kilima nalo naliacha hapo hapo. Unisamehe.

Sasa naomba unifikishie maneno haya kwa Mama, nami nayasema bila ndege. Nilichofikiri siku ile ya mizizi ni hiki: uyoga ndio unaouhamia mti. Nilitaka kung'oa mti niuhamishie uyoga, na nimeona kwa macho yangu tuta linavyozaa chura. Nikikubaliwa, nitakuja mimi kukaa huko. Kulima sijui vizuri, lakini nimeonyesha kwamba nikielekezwa tawi kwa tawi nafika chini.

Kama Amri wa Mbekenyera ameshajibiwa, naomba tu kiatu.

Wako mtiifu,
Bashiri Amri


Nkowe
15 Machi 1950

Bashiri,

Mjomba amekataa kuandika. Amenuna tangu uliposema unaliacha swali lake hapo hapo. Ameuliza yeye ni mjomba wa nani katika nyumba hii. Kwa hiyo naandika mimi, nami darasa la nne nilimaliza, ila hukuwahi kuniuliza.

Barua yako nilimsomea Mama. Alichambua mboga yote, kisha akasema: “Huyu sasa anapajua.” Nikasema ndiyo. Akasema: “Na si wa kwetu.” Nikasema bado. Akasema hatari namna hiyo haiwezi kuachwa itembee Nachingwea na baiskeli. Mtu anayejua mahali petu ama aoe hapa ama afe, na kuua kuna kesi nyingi. Kaka yake alipomtajia Amri, alisema Amri hajui chochote, anaweza kwenda kuoa popote.

Basi umekubaliwa. Usijivune sana, ni kwa ajili ya uyoga.

Ule uliouacha mkobani tuliukatakata tukauanika. Njoo uule mbele ya Mjomba, atafurahi akiona unaogopa. Nitauchemsha mimi mwenyewe, maji ya kwanza nitamwaga, na buluu utaiona inaondoka nayo. Siku ile ya kikapu ungeniuliza mimi ningekuambia, lakini uliwauliza mwalimu, mpishi na Mzungu.

Njoo na mfuko wa sementi. Mama anasema si ya kulalia, ni ya jikoni tu, kwa sababu ya mchwa, na nisiseme kwamba ni yeye aliyeitaka.

Kiatu chako kiko kwenye uchaga juu ya moshi. Kimekauka vizuri, ingawa kimepinda kidogo kuelekea Nkowe.

Kitu kimoja zaidi. Aibu ya ukwe kati yako na Mama ni ndefu, haitaisha kwa harusi peke yake, na Mjomba hataki tena kupeleka maneno. Jana Mama aliagiza gogo la mtondoro lenye gome lake, akalichimbia uani, kati ya mlango wake na mahali nyumba yako itakapojengwa. Watu wanamuuliza la nini, anawaambia la kuanikia vyombo. Lakini asubuhi hii nimemsikia anajaribu sauti. Alisimama karibu nalo, akaangalia huku na huku, akasema: “Wewe gogo, mwambie ndege kwamba jembe liko nyuma ya mlango.”

Sabaha binti Seifu